Kitabu cha Kikoba: shajara ya mradi

Januari

Naanza shajara hii kabla sijaandika mstari hata mmoja wa programu, ili atakayesoma msimbo baadaye ajue kila uamuzi ulitoka wapi. Mradi wenyewe ni programu ya simu ya kutunza hesabu za kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, na mgao siku ya kuvunja. Ifanye kazi bila bando, kwenye simu ya bei ya chini, na isipoteze shilingi hata chaji ikikata katikati ya kikao.

Programu za namna hii zipo. Nilizozifungua zina kasoro moja inayofanana, nayo ndiyo iliyonisukuma: unagusa kiasi cha zamani, unaandika kingine, na kile cha kwanza hakionekani tena popote. Daftari la wino la katibu halikubali jambo hilo. Kwa upande huo daftari limebuniwa vizuri kuliko mifumo mingi niliyowahi kulipwa kuitunza. Kazi yangu ni kuuingiza ubunifu ule kwenye simu bila kuuharibu.

Niseme kidogo nilikotoka, maana kunahusika. Nilimaliza Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati intaneti ya Dar es Salaam ikipita kwenye setilaiti. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi likipanda na jibu likishuka, kama nusu sekunde imekwenda kabla seva haijafanya lolote. Mtandao wa aina ile humfunza mtu adabu. Huulizi mara kumi kitu unachoweza kuuliza mara moja, na hupangi mambo kana kwamba jibu lazima lifike. Kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009 kasi ikabadilika, ila mazoea yalikwishaingia kwenye damu.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mifumo ya kupokea na kusambaza SMS, nikitumia Kannel, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya C. Hapo ndipo C ilinikaa, kwa kusoma msimbo wa wenzangu usiku baada ya kazi, na hadi leo kijana akiniuliza aanzie wapi humwelekeza huko: chukua programu kubwa inayotumika kweli, isome mpaka uielewe. Kisha M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008, na kila mwenye biashara akataka mfumo wake uongee na pesa za simu. Mimi nikaenda upande wa benki, kwenye kadi na ATM, ambako ujumbe hupita kwa utaratibu wa ISO 8583. Ujumbe wa 0200 unaomba muamala, 0210 ni jibu lake, na 0420 unataka muamala urudishwe nyuma.

Hiyo 0420 ndiyo iliyonikomaza. ATM imetuma 0200, muda unapita, 0210 haiji. Akaunti imekatwa au haijakatwa? Huenda ombi lilipotea njiani. Huenda lilifika, pesa zikakatwa, na kilichopotea ni jibu. Ukiwa upande wa ATM huwezi kuona tofauti kati ya hayo mawili, na ukituma ombi jipya unaweza kumkata mteja mara mbili. Dawa yake ni kila muamala kubeba namba yake tangu unapoanzishwa, ili namba ileile ikifika mara ya pili upande wa pili uitambue na usiitekeleze tena. Nimekutana na tatizo hilo kwenye vocha, kwenye tokeni za umeme, kwenye mishahara. Kila mahali lina jina jingine, lakini ni hilohilo.

Mwisho wa Januari

Kikundi kilichokubali kunipokea kiko Chang'ombe, Temeke. Wanachama 25, wengi wao akina mama wenye biashara ndogondogo. Nilimwomba Mama Katibu nikae pembeni kikao kizima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Kwanza angalia, maswali baadaye."

Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wote, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, na katibu haandiki mpaka wote wawili wataje kiasi kimoja. Hisa ni kuanzia moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa inagongewa mhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Taratibu hizi zina ukoo mrefu: vikundi vya akina mama wa Niger, vilivyojulikana kama Mata Masu Dubara, vilianzishwa na shirika la CARE mwaka 1991, na mfumo ukasambaa kutoka huko.

Katikati ya kikao mama mmoja alirejesha 35,000, na katibu akaandika 53,000. Mhesabu fedha aliyekuwa karibu akamshtua. Mama Katibu alichukua rula, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya 53,000, tarakimu zikabaki zinasomeka vizuri chini yake. Mstari uliofuata akaandika 35,000. Akaweka sahihi yake pembeni, akalisogeza daftari kwa mwenyekiti naye akaweka yake, kisha akaita jina linalofuata.

Baada ya kikao nikamuuliza kama penseli isingekuwa rahisi zaidi.

"Penseli inaleta maneno. Mtu akikuta pamefutwa, hata kama ulifuta kwa nia njema, utamwambia nini?"

Jibu hilo nimeliweka juu kabisa ya faili la maelezo ya mradi. Mahitaji mengine yote yanafuata chini yake.

Februari

Muundo umetulia. Kuna jedwali moja kubwa la maingizo. Kila ingizo lina kitambulisho chake, kifaa kilichoandika, namba ya mfuatano, aina, mwanachama, kiasi, na heshi ya ingizo lililotangulia, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye ingizo hilo na kubadilika likiguswa. Salio sikulihifadhi popote. Programu hulipata kwa kujumlisha maingizo kila linapohitajika. Wenzangu wawili walioupitia muundo walihofia kwamba itakuwa nzito. Lakini watu 25 wakikutana kila wiki, kila mmoja na maingizo matatu, mwaka mzima ni maingizo 3,900, na simu ya kawaida huyajumlisha kabla kidole hakijainuka kwenye kioo. Salio lililohifadhiwa pembeni ni kauli ya pili kuhusu pesa zilezile. Siku kauli hizo mbili zikitofautiana, kikundi kitagombana na mimi sitakuwepo.

Kusahihisha ni ingizo jipya la aina ya "sahihisho". Linataja kitambulisho cha ingizo lililokosewa na watu wawili walioridhia. Kwenye kioo lile la zamani linabaki mahali pake, limepigwa mstari, linasomeka.

Kanzidata ni SQLite. Naipenda kwa asili yake pia: D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya programu ya meli ya kivita ya Marekani, ambako kutegemea seva ya kanzidata kulikuwa kunawaangusha, akataka kitu kinachosoma faili moja kwa moja bila seva katikati. Hitaji lile ndilo letu hapa. Kinga ya kwanza nimeiweka ndani ya kanzidata yenyewe, ili hata programu yangu ikiwa na hitilafu isiweze kuivuka:

CREATE TRIGGER maingizo_hayabadiliki
BEFORE UPDATE ON maingizo
BEGIN
  SELECT RAISE(ABORT, 'Andika sahihisho');
END;

Ipo nyingine kama hiyo kwa DELETE.

Kinga hiyo inamzuia anayetumia programu. Fundi mwenye simu mkononi anaweza kuiondoa triga (amri hiyo ya kuzuia), akabadilisha anachotaka, akairudisha. Ndiyo sababu ya heshi. Kila ingizo linabeba heshi ya aina ya SHA-256 ya lililolitangulia, kwa hiyo ukigusa ingizo la Machi, heshi zote za baada ya hapo zinabadilika. Hata hivyo fundi huyo anaweza kuukokotoa mnyororo wote upya. Ili kumziba lazima kuwe na kitu nje ya simu, na kikundi tayari kilikuwa nacho: mwisho wa kikao huwa wanatamka salio kwa sauti ili kila mtu aondoke nalo kichwani. Sasa baada ya salio simu inaonyesha tarakimu zilizotokana na heshi ya mwisho, na katibu anazinakili kwa wino kwenye daftari. Pendekezo la mwanzo lilikuwa tarakimu sita, kwa urahisi wa kusoma. Sikulikubali. Tarakimu sita ni uwezekano wa milioni moja tu, na kompyuta ya mezani inaweza kujaribu hesabu za uongo nyingi kwa muda mfupi mpaka ipate moja inayoangukia tarakimu zilezile. Zitakuwa 20, zimepangwa tano tano. Mama Katibu amezinakili mara kadhaa kwenye majaribio, na anasema namba za vocha zimemzoesha.

Machi

Pesa. Hapa sina mzaha hata kidogo.

Kiini cha programu nakiandika kwa lugha ya Rust, na sababu kubwa ni kwamba kompaila yake, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, inaniruhusu kutengeneza aina iitwayo Shilingi ambayo haijumlishwi na Hisa hata kama ndani yake zote mbili ni namba kamili. Ukikosea kuzichanganya, programu haijengeki kabisa. Katika benki nimeona makosa ya aina hiyo yakipita majaribio yote na kukamatwa na mteja.

Namba zenye nukta ya kuelea, yaani za desimali ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, sizitumii popote. Za biti 32 huhesabu namba kamili bila kuruka mpaka 16,777,216. Baada ya hapo 16,777,217 inageuka 16,777,216 bila onyo. Milioni 16 kwa shilingi zetu si pesa za ajabu, kikundi cha watu 25 hufika hapo. Riba nayo naishika kwa sehemu za elfu kumi, maana 0.05 haina umbo kamili katika mfumo wa namba mbili.

Mgao ndio umenikalisha zaidi, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu nadhani wengi wanaupita haraka. Chukua mfuko wa Sh 4,837,500 na hisa 1,264. Hisa moja inapata 3,827 na kidogo. Sarafu ndogo inayopokelewa dukani ni ya 50, kwa hiyo lazima ukate mahali. Njia inayokuja upesi ni kukata thamani ya hisa iwe 3,800, kisha kuizidisha kwa hisa za kila mtu. Mwenye hisa 37 anapata 140,600. Lakini ukizidisha kwanza, yaani 4,837,500 mara 37, ukagawa kwa 1,264, unapata 141,604, na ukikata sasa hivi anabeba 141,600. Tofauti ni Sh 1,000 ya mtu mmoja, kwa sababu tu ya mpangilio wa hatua. Kwa kikundi kizima, kukata mapema kunaacha Sh 34,300 mezani bila mwenyewe. Kukata mwishoni kunaacha chini ya 50 kwa kila mtu, yaani isiyofika 1,250 kwa watu 25, na kikundi kimeamua baki hilo liingie mfuko wa jamii.

Kuzidisha kwanza kuna mtego wake. Mfuko wa milioni 60 ukizidishwa kwa hisa 37 unakuwa 2,220,000,000, na namba kamili ya biti 32 inayoruhusu chanya na hasi inaishia 2,147,483,647. Kwa hiyo Shilingi ni biti 64, na kila kuzidisha kunakaguliwa. Jibu likizidi, programu inakataa na kusema wazi.

Upimaji wa sehemu hii sikuufanya kwa mifano niliyoitunga mwenyewe, kwa sababu mtu hutunga mifano ya mambo anayoyafikiria tayari. Nimetumia njia ambayo Koen Claessen na John Hughes waliitambulisha mwaka 2000: unaandika sharti ambalo lazima lisimame siku zote, kisha kompyuta inatunga vikao vya kubahatisha kwa maelfu ikijaribu kulivunja. Sharti letu ni kwamba pesa za sandukuni, pamoja na mikopo iliyoko nje, lazima zilingane na maingizo yote yakijumlishwa. Limesimama.

Mwisho wa Machi

Umeme. SQLite tunaiendesha kwa utaratibu wa WAL, uliokuja na toleo la 3.7.0 mwaka 2010: mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, kisha huhamishiwa kwenye faili kuu. Katika hali hiyo ukiweka mpangilio wa NORMAL, chaji ikikata faili haliharibiki, lakini maingizo ya mwisho kabisa yanaweza kukosekana ingawa mtumiaji alikwisha kuambiwa yameandikwa. FULL inangoja diski ithibitishe kila mara, na ni ya polepole zaidi. Watengenezaji wengi wa programu za simu huchagua NORMAL, na kwa picha na ujumbe wa soga naafiki. Kwa marejesho ya mama aliyekwisha kuondoka na kuamini yameingia, hapana.

Nilipima kwa simu ya zamani yenye betri ya kuchomoa. Simu inaandika maingizo mfululizo, na kila moja likikubaliwa inatuma namba yake kwa Wi-Fi kwenye kompyuta yangu. Katikati nachomoa betri, nawasha, nalinganisha. Kwa NORMAL namba za mwisho ambazo kompyuta ilikwisha kuzipokea wakati mwingine hazimo kwenye simu, sawasawa na maelezo rasmi yanavyosema. Kwa FULL zimo zote.

Na diski ikirudisha kosa? Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, kanzidata nyingine, waligundua kwamba kwenye Linux, uandishi ukishindwa, mfumo endeshi unaweza kuzitia kurasa za data zilizoshindwa kuandikwa alama kana kwamba ziko salama, kwa hiyo ukiomba uthibitisho mara ya pili unaambiwa mambo ni mazuri ilhali data haipo. Nasi tumeweka msimamo wao waliofikia: kosa la kwanza la diski linazima programu, na ikiwaka inasoma upya kilichopo kweli. Nilizoea fikra hiyo tangu nilipofanya kazi na Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu. Huko sehemu iliyokosea inaachwa ife na kuanzishwa upya kutoka hali inayojulikana, badala ya kuendelea kwa kubahatisha.

Aprili

Baada ya kikao kila mwanachama anapata SMS ya hisa zake na deni lake, hata mwenye kitochi. Gharama ilitoka mara tatu ya niliyoikadiria, na chanzo kilikuwa alama moja.

SMS ina baiti 140. Kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, yenye biti saba kwa herufi, hiyo ni herufi 160, na Kiswahili chote kinaingia humo bila shida. Ikiwepo herufi moja tu isiyo kwenye alfabeti hiyo, ujumbe mzima unahamia mfumo wa herufi za dunia nzima na nafasi zinashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Jina la kikundi lilikuwa limechapwa kwenye simu inayopinda alama ya juu ya ng': Chang’ombe, yenye alama iliyopinda, badala ya Chang'ombe, yenye alama iliyonyooka. Ile iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya GSM. Ujumbe wa herufi 148 ukawa vipande vitatu, kwa kila mwanachama.

Sasa programu inanyoosha alama hiyo kwenye kila ujumbe unaotoka, kwa majina ya mahali na ya watu vilevile; Wasukuma wengi wana majina yanayoanza na Ng'. Jina lenyewe linabaki kwenye kumbukumbu kama mwenyewe alivyoliandika. Miaka yangu ya Kannel imelipa hapa, kwa kuwa nilijua pa kuchungulia kwanza.

Mei

Simu mbili, ya katibu na ya mwenyekiti. Kila moja ina mnyororo wake wa heshi, zikikutana zinabadilishana maingizo kwa Bluetooth. Kwa kuwa hakuna ingizo linalobadilishwa, kuunganisha ni kukusanya tu: lililopo kule na halipo huku linachukuliwa, na kitambulisho kikifika mara ya pili hakihesabiwi. Ni ile 0200 ya benki imerudi, safari hii bila jasho.

Mpangilio wa maingizo siuachii saa ya simu. Betri ikitolewa, simu nyingine hurudi mwaka wa kiwandani. Natumia mfuatano wa namba wa mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport wa mwaka 1978: kila simu ina kihesabio, na ikipokea ingizo lenye namba kubwa kuliko yake inaanzia juu ya hapo. Saa ya ukutani inahifadhiwa pia, kwa maonyesho tu, na inaonyeshwa kwa saa zetu, kikao cha saa 3 asubuhi kisomeke saa 3.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hazilitatui. Katibu ameandika marejesho ya mtu, na mwenyekiti, akidhani hayajaandikwa, naye ameyaandika. Vitambulisho ni viwili tofauti, kiasi ni kilekile. Hiyo ni pesa moja au mbili? Programu haiwezi kujua, na sitaki ijifanye inajua. Inayaweka yote mawili juu ya orodha ya kikao kinachofuata, na wahesabu fedha wanahesabu sanduku. Uamuzi unaingia kama sahihisho lenye majina mawili.

Juni

Kazi za wiki hizi ni ndogondogo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviingiza vikundi hivi kwenye usajili, na viongozi wanataka taarifa za kuambatanisha, kwa hiyo nimeongeza ukurasa wa muhtasari. Kwa ajili ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nimeondoa namba ya kitambulisho cha taifa kwenye fomu ya mwanachama. Hakuna hesabu hata moja iliyoihitaji.

Mama Katibu ameleta ombi kubwa. Anataka kitabu chote kiweze kuchapwa kwenye stationery ya jirani, kwenye A4, kwa safu zilezile za daftari lake: tarehe, jina, hisa, rejesho, faini, jamii, sahihi. Nimekubali mara moja. Kurasa za mwanzo zimetoka, ila safu ya sahihi ni nyembamba mno kwa mtu anayesaini kwa dole gumba. Naipanua hadi sentimita tatu, napunguza safu ya faini, na masahihisho yatachapwa na mstari wake juu ya kiasi cha zamani. Kikao kijacho tunalinganisha karatasi na daftari, ingizo kwa ingizo, kuanzia Februari.